Vidato Vinane, Miendo Miwili: Mizamo ya Tafakuri katika Mapokeo ya Theravada

Vitabu vingi vya kuutambulisha Ubuddha huipanga mizamo minane ya tafakuri (kwa Kipali, jhana) kama vidato vya ngazi moja: minne ya umbo, kisha minne isiyo na umbo, na anayekifikia cha nane huhesabiwa kuwa ametangulia wenzake wote. Makala haya yanaipinga picha hiyo. Maandiko ya Theravada, mojawapo ya matawi ya Ubuddha, yanaonyesha miendo miwili ya aina tofauti, na anayeichanganya hupima maendeleo kwa kipimo kisicho chake.

Katika ile minne ya kwanza, mwendo ni wa kupunguza. Mtafakari huvituliza kwanza vizuizi vitano: tamaa ya anasa, chuki, uzito wa usingizi, wahaka na shaka. Ndani ya mzamo wa kwanza fikra bado huelekezwa kwenye kitu chake, tuseme pumzi, na kushikizwa hapo, huku bashasha na raha vikiujaza mwili. Katika wa pili kazi ya kuelekeza inakoma, kwa kuwa moyo umetulia wenyewe. Katika wa tatu bashasha nayo huonekana kuwa fujo. Inaondoka, raha inabaki. Katika wa nne hata raha haipo tena, umebaki urari wa moyo na uangalifu uliotakata. Tuzo ya jana imekuwa kero ya leo. Ugumu wa safari hii uko hapo: kinachotakiwa kuachwa ni kizuri kuliko vyote ambavyo msafiri amekwisha kuvionja.

Ndiyo maana pupa haisaidii. Katika Anguttara Nikaya, mojawapo ya mikusanyo ya hotuba za Buddha, kuna mfano wa ng'ombe wa mlimani anayetamani malisho mapya na kuinua mguu wa nyuma kabla ya kuukita wa mbele. Malisho mapya hayafikii, na alikotoka harudi salama. Buddhaghosa, aliyeandika Visuddhimagga huko Sri Lanka katika karne ya 5, aliligeuza onyo hilo kuwa sharti. Asihamie mzamo wa pili yule ambaye hajaumiliki wa kwanza kwa namna tano: kuuelekea, kuuingia, kukaa humo kwa muda aliokusudia, kutoka, na kuupitia upya baadaye. Hilo la kutoka husahauliwa sana. Asiyeweza kutoka kwa saa aliyoipanga hajaumiliki mzamo. Mzamo ndio uliommiliki.

Minne isiyo na umbo ina utaratibu mwingine kabisa. Buddhaghosa anasema wazi kuwa hapa hakuna sifa ya moyo inayopunguzwa: yote ina urari na umakini uleule wa mzamo wa nne. Kinachobadilika ni kitu kinachotazamwa. Duara lililotumika kutulizia macho linaondolewa, inabaki anga isiyo na mwisho. Kisha zinatazamwa fahamu zilizoijaza anga hiyo. Kisha kutokuwapo kwa fahamu hizo, ndiyo hali ya kutokuwapo kitu. Mwishowe hali ambayo haiwezi kuitwa utambuzi wala kukosa utambuzi.

Atakayepinga atasema kwamba Visuddhimagga hiyohiyo inakiri kila hatua ni laini kuliko iliyotangulia, na kwamba hotuba nyingi za Buddha huzitaja zote kwa mfululizo. Ni kweli. Lakini ulaini ni jambo moja, ukaribu na ukombozi ni jingine. Kwa mujibu wa Majjhima Nikaya, mkusanyo mwingine wa hotuba, Siddhartha, kabla hajawa Buddha, alijifunza hali ya kutokuwapo kitu kwa mwalimu Alara Kalama, na ile ya mwisho kwa mwalimu Uddaka Ramaputta, akawaacha wote wawili. Baada ya miaka ya kujitesa alikumbuka jinsi alivyokaa utotoni chini ya mzambarau, baba yake akiwa kazini, akaingia mzamo wa kwanza pasipo kuutafuta. Akaichukua njia hiyo. Usiku wa kuamka kwake, kama unavyosimuliwa humo, alipita mizamo minne tu, kisha akauelekeza moyo kwenye maarifa yaliyomkomboa.

Anguttara Nikaya inakwenda mbele zaidi. Inasema madoa ya moyo yanaweza kukomeshwa kwa kuutegemea mzamo wowote kuanzia wa kwanza hadi hali ya kutokuwapo kitu, kwani maarifa hayo hufika pale tu utambuzi unapofika. Hali ya nane imeachwa nje. Hotuba iitwayo Anupada Sutta inakubaliana nayo: Sariputta, mwanafunzi wa Buddha, alizipambanua sifa za kila mzamo moja baada ya nyingine, lakini kwa hali ya nane ilimbidi atoke kwanza, ndipo ayaangalie yaliyopita.

Hapo kuna swali gumu kwa walimu wa leo wanaofundisha kwamba mzamo wa kweli huzima kila upambanuzi tangu hatua ya kwanza. Ikiwa ni hivyo, kwa nini Anupada Sutta imtenge Sariputta wa hatua saba na yule wa hatua ya nane?