Milipuko ya Agosti 1998: Habari Isiyo na Isnadi

Ijumaa moja baada ya swala hapa Ziba, kijana ambaye mwaka 1998 alikuwa hajazaliwa alinieleza kwa yakini kwamba ofisi za ubalozi wa Marekani za Nairobi na Dar es Salaam zililipuliwa na Wamarekani wenyewe. Nikamuuliza kaipokea kwa nani. Akasema: "Sheikh, inajulikana." Katika elimu ya hadithi hakuna mpokezi aitwaye "inajulikana".

Njia yetu hii ya misafara inayafahamu mambo hayo. Livingstone alivumishwa kuwa ameuawa tangu 1866, na mleta habari alikuwa Musa, mtu wake mwenyewe aliyemtoroka. Mwaka 1872 "marehemu" huyo alikuwa akiishi Kwihara, jirani na Tabora.

Ndugu msomaji, tuanze na matini. Yadaiwa Wamarekani walijua wakakaa mbali. Tarehe 7 Agosti 1998 walikufa Nairobi watu 213, na 12 kati yao Wamarekani. Balozi wao, Prudence Bushnell, alijeruhiwa. Ni kweli alikuwa ameiandikia serikali yake kwamba jengo lile halina usalama, asisikilizwe. Huo ni uzembe, na uzembe si njama. Dar es Salaam walikufa 11, hakuna Mmarekani. Huko gari la maji lilizuia lori la bomu lisifike jengoni.

Sasa watendaji. Khalfan Khamis Mohamed, Mzanzibari, alikamatwa Cape Town 1999. Mbele ya mahakama ya New York, 2001, wakili wake hakukanusha kuwa alishiriki. Alifungwa maisha. Ahmed Ghailani, naye wa Zanzibar, alishitakiwa huko huko 2010. Hakimu alimkataa shahidi aliyejulikana kwa maneno yaliyotolewa kwa kulazimishwa, na baraza likamwachia mashitaka 284 kati ya 285. Hilo moja lilimpa kifungo cha maisha. Kesi ya kupikwa haiendi hivyo.

Wapo wanaonitajia kiwanda cha dawa cha al-Shifa, Khartoum, kilichopigwa makombora na Marekani tarehe 20 Agosti 1998. Wana haki ya kulalamika, maana ushahidi juu ya kiwanda kile ulikuwa dhaifu. Lakini dhulma ya tarehe 20 si dalili ya nani alitenda la tarehe 7. Aya ya 6 ya Suratul Hujurat inatuamrisha kuhakikisha, wala haikumvua amri hiyo anayemchukia mshitakiwa.

Kijana akaniuliza: kuyakubali haya si kuuaibisha Uislamu? Nikamwambia kwamba katika wale 11 wa Dar es Salaam walikuwemo Waislamu pia, na jamaa zao wapo hadi leo.