Koti la Marehemu Baba na Ukuta Unaotoka Jasho

Nimekuwa kimya wiki mbili hivi, wasomaji wangu, na sababu yenyewe ni kabati. Masika yalipokuwa yakiisha nilifungua kabati la ukutani la chumba ninachopanga hapa Dar es Salaam, nikatoa koti la marehemu baba. Mabegani limeota ukungu wa kijani, na uvundo wake ulinifuata hadi barazani. Ni koti pekee aliloniachia. Mwenye nyumba alikuja, akatazama, akasema dawa yake ni rangi ya mafuta.

Badala ya rangi nikaanza kuuliza maswali, maana ndiyo kazi ninayolipwa (kidogo) kuifanya. Wazee wetu wa pwani wameishi na joto hili hili na mvua hizi hizi kwa karne nyingi. Nguo zao ziliponaje?

Anza na chombo chenyewe. Neno kabati tumelitoa kwa Waingereza. Kabla yake lilikuwepo sanduku, neno la Kiarabu, na masanduku mengi mazuri yalikuja na majahazi kutoka India na Ghuba, ya mbao za msaji, yamepigiliwa shaba. Ukibahatika kuliona moja la zamani, achana na shaba kwanza. Inama utazame chini. Mengi yana miguu! Hayalali sakafuni wala hayajajengewa ukutani, kwa hiyo hewa inapita pande zote.

Halafu kuna kufukiza. Nguo ikishaanikwa juani hutandazwa juu ya kiunzi cha miti, na chini yake huwekwa chetezo chenye makaa na udi. Sote tunajua ni kwa ajili ya harufu. Lakini makaa ni moto, na moto hukausha. Mimi naamini nusu ya kazi ya chetezo ilikuwa hiyo, ingawa bibi yangu angenicheka kumwambia udi wake ni mashine ya kukaushia.

Kisa kikubwa, hata hivyo, kiko ukutani. Nenda Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambako nyumba nyingi ni za karne ya 19. Ukuta ni mawe ya matumbawe, mchanga na chokaa. Ukuta wa namna hii unapumua: unakunywa maji wakati wa mvua, na jua likiwaka unayatoa kama mvuke kupitia chokaa. Chokaa mpya nayo ni kali, ukungu hauipendi. Kila unapopaka upya unaua ulioanza kuota.

Kisha ikaja saruji. Ilianza kwa kuagizwa ng'ambo, na mwaka 1966 kiwanda cha Wazo Hill kikaanza kuizalisha hapa kwetu. Mafundi wakaanza kuziba nyufa za kuta za kale kwa lipu ya saruji, kwa nia njema kabisa. Lakini saruji inafunga. Maji yaliyoingia kupitia paa bovu au yaliyopanda kutoka ardhini yanakosa pa kutokea, yanabaki humo humo yakila chokaa ya ndani. Wahifadhi wa Mji Mkongwe wamelilalamikia hili kwa miaka mingi. Jumba la Beit-el-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883 enzi za Sultani Barghash, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili wakafa. Sisemi ni saruji iliyoliangusha, jumba lile lilikuwa limechoka kwa namna nyingi. Nasema tu kwamba maji ndani ya ukuta si jambo la kuchekea.

Sasa rudi chumbani kwangu. Ukungu hustawi unyevu wa hewa ukikaa muda mrefu juu ya asilimia 70 au 80 hivi, na asubuhi za Aprili hapa Dar huvuka hapo bila shida. Kabati langu halina mgongo. Mgongo wake ni ukuta wa nje, upande usioona jua, na mlango unafungwa kutwa nzima nikiwa kazini. Yaani nimeweka nguo ndani ya chungu chenye kifuniko.

Koti nimelipiga brashi nje, nikalipangusa kwa siki na kulianika siku tatu. Alama moja imebaki kwenye kola. Mlango wa kabati nimeung'oa, na nguo sasa zinaning'inia kwenye kamba katikati ya chumba, wageni mtanisamehe. Juzi mwenye nyumba kaniletea mwenyewe kopo la rangi ya mafuta. Nimeshukuru, nikalisukuma chini ya kitanda.