Masafa huria ya redio: adabu za kugawana hewa moja

Masafa huria ni sehemu za mawimbi ya redio ambazo mtu huruhusiwa kuzitumia bila kukata leseni yake binafsi, mradi chombo chake kitimize masharti ya nguvu na masafa. Humo ndimo mnamopita waifai, Bluetooth, rimoti za mageti, funguo za magari, na vyombo vya LoRa ambavyo wapenzi wa redio hutumia kupelekeana ujumbe bila mtandao wa simu.

Wengi hudhani huria ni kufanya utakalo. Sivyo. Mwenye leseni akiingiliwa ana pa kushtaki. Mtumiaji wa masafa huria halindwi, na haruhusiwi kumsumbua mwenye leseni. Kinachobaki baina ya watumiaji ni ujirani mwema.

Asili yake

Mwaka 1947, mkutano wa kimataifa uliofanyika Atlantic City, Marekani, ulitenga masafa ya mitambo ya viwanda, sayansi na tiba. Mwaka 1985, tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliruhusu vyombo vya mawasiliano visivyo na leseni kutumia baadhi ya masafa hayo. Ndiyo sababu waifai na jiko la maikrowevu hukutana kwenye gigahezi 2.4.

Panapobana

Gigahezi 2.4: nchi nyingi zina chaneli 13 za waifai, lakini zinapandana. Zinazotumika pamoja bila kugusana ni 1, 6 na 11. Katika jengo la ghorofa, anayechagua 3 huwasumbua wa 1 na wa 6 kwa mpigo. Ni afadhali ajiunge na 1, kwa kuwa mitambo iliyo kwenye chaneli moja husikilizana na kupokezana zamu.

Megahezi 433: funguo nyingi za magari hutumia 433.92. Chombo kimoja kilichoharibika na kurusha bila kukoma chaweza kufanya magari yaliyo karibu yasifunguke kwa rimoti.

Megahezi 868: Ulaya imeweka kikomo cha muda. Kati ya 868.0 na 868.6, chombo cha kawaida huruhusiwa kurusha asilimia 1 tu ya wakati, yaani sekunde 36 kwa saa. Kwa LoRa, ujumbe mfupi kwa mwendo wa kasi huchukua chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kwa mwendo wa polepole zaidi, ujumbe uo huo hupita sekunde moja.

Adabu zenyewe

- Piga hodi: sikiliza kwanza, rusha hewa ikiwa tupu.
- Tumia nguvu ndogo inayotosha. Ukiongeza, jirani naye ataongeza, na hakuna atakayesikika vizuri zaidi.
- Kipimajoto hakina haja ya kuripoti kila sekunde 10. Dakika 15 zatosha.
- Kwenye Meshtastic, ujumbe hurudiwa na vyombo vya njiani. Acha idadi ya miruko kwenye 3 iliyowekwa tangu mwanzo, isipokuwa pana sababu.
- Antena ya juu ya paa husikika mbali, na usumbufu wake hufika mbali vilevile.

Vyombo vya ng'ambo

Ndugu aliye Marekani akikuletea chombo cha megahezi 902 hadi 928, usikiwashe. Kwetu sehemu ya masafa hayo ni ya simu za mkononi, zinazotumia 880 hadi 915 kupeleka sauti mnarani. Chombo kidogo cha mchezo chaweza kukata simu ya mtu anayeita gari la wagonjwa. Soma kibandiko, kisha ulinganishe na miongozo ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

Kwa wavuvi, chombo cha masafa huria si cha kutegemea kuokoa maisha. Wito wa dhiki baharini una chaneli yake, VHF 16, megahezi 156.8, na haifai kuzibwa kwa maongezi.

Ukisumbuliwa

Anza nyumbani kwako: zima chombo kimoja kimoja uone usumbufu ukikoma. Kisha badilisha chaneli. Bado? Mwendee jirani kwa upole, maana huenda hajui kwamba chombo chake kinarusha. Anayeingiliwa kwenye masafa ya leseni, kama vile redio ya chombo cha baharini, apeleke malalamiko kwa Mamlaka, akitaja saa, mahali na masafa.