Zoezi la Dada Yake Chopin

Kama uliitazama The Pianist, ile sinema ya mwaka 2002, unakumbuka inavyoanza. Jamaa yuko studio ya redio mjini Warsaw anapiga piano, mabomu yanaanguka nje, naye hataki kuacha. Kipande anachopiga ndicho nataka tukizungumzie leo: Nokturni ya Frédéric Chopin katika C-shapu maina. Nokturni ni muziki wa usiku, wa taratibu, na hii huchukua kama dakika nne tu.

Chopin hakuiandikia kumbi za watu. Aliitunga mwaka 1830 akiwa na miaka 20, mwaka ule ule alioiaga Warsaw asirudi tena. Akiwa Vienna, uasi dhidi ya Warusi ukalipuka huko nyuma. Kipande hiki kilikuwa cha dada yake mkubwa, Ludwika, kama zoezi la kunoa vidole kabla hajaanza kujifunza tungo ya pili ya piano na okestra ya mdogo wake. Ndiyo maana katikati utasikia vijisehemu vya tungo hiyo vimechomekwa, kama utani wa ndugu ndani ya barua.

Zoezi! Hebu sikiliza mwishoni. Mkono wa kushoto unatembea vile vile, lakini wa kulia unamwaga noti 18 kwa mkupuo, kisha 35, halafu 11, halafu 13. Hesabu hazigawanyiki. Wapigaji wanaojaribu kuhesabu hapo unawajua mara moja, wanasikika kama wanapanda ngazi. Kisha, mwisho kabisa, huzuni yote inageuka kuwa nuru kidogo, bila kelele. Mimi hurudia hapo mara tatu nne.

Chopin alifariki Paris mwaka 1849. Ludwika ndiye aliyeupeleka moyo wake Warsaw (ndiyo, moyo wenyewe, kwenye chupa). Nokturni ilichapishwa mwaka 1875, Ludwika naye akiwa kaburini miaka 20.

Basi, ikaja vita. Tarehe 23 Septemba 1939 Władysław Szpilman, yule wa sinema, aliipiga redioni, na siku hiyo hiyo redio ikazimika. Wanazi walipiga marufuku muziki wa Chopin nchini Poland, na mwaka 1940 wakalipua sanamu yake mjini Warsaw.

Lakini kisa kinachonikaa kichwani zaidi hakimo kwenye sinema hiyo. Desemba 1943 mpiga piano Myahudi, Natalia Karp, alifikishwa kambi ya Płaszów, karibu na Kraków, pamoja na ndugu yake Helena. Mkuu wa kambi alikuwa Amon Göth, mtu aliyezoea kuwapiga wafungwa risasi kwa mkono wake. Ilikuwa sherehe ya kuzaliwa kwake, akaagiza Natalia apige. Natalia akachagua Nokturni hii. Göth akasema huyu aishi. Natalia akamjibu kwamba bila ndugu yake, hapana. Wakaachwa wote wawili. Baadaye walipitia hata Auschwitz wakatoka hai, na Natalia aliendelea kupiga piano Uingereza hadi uzeeni. Alifariki mwaka 2007 akiwa na miaka 96.

Wapo wanaosema muziki ulimlainisha Göth. Jamani! Aliendelea kuua, na mwaka 1946 akanyongwa. Muziki ulimpa Natalia nafasi ya kusema neno moja, naye akalitumia kwa ajili ya Helena.

Szpilman naye, Novemba 1944, alikutwa na ofisa wa Kijerumani, Wilm Hosenfeld, kwenye magofu ya Warsaw. Akaambiwa apige kitu. Katika sinema anapiga kipande kingine cha Chopin, kirefu na chenye kishindo zaidi. Kitabu chake kinasema ilikuwa Nokturni hii, kwenye piano mbovu. Hosenfeld akawa anamletea chakula. Ofisa huyo alifia kifungoni Urusi mwaka 1952.

Redio ya Poland ilipofunguliwa tena mjini humo mwaka 1945, Szpilman aliketi akapiga kipande kile kile alichopiga 1939.