Rovu la Idjwi: kisiwa kimoja, shingo mbili mbalimbali

Idjwi ni kisiwa kikubwa katikati ya ziwa Kivu, kati ya Congo na Rwanda. Kina tawala mbili za kimila: Rubenga upande wa kaskazini na Ntambuka upande wa kusini. Wakaaji wake wanavua samaki, wanalima muhogo, maharagwe na ndizi. Zamani, katika vijiji vya kaskazini, mtu mwenye rovu, yaani uvimbe wa shingo, hakuwa ajabu kwa jirani zake. Alikuwa mmoja kati ya wengi.

Mnamo 1947 serikali ya kikoloni ya Ubelgiji iliunda taasisi ya utafiti iliyoitwa IRSAC, na kituo chake kikubwa kikajengwa Lwiro, karibu na Katana, kaskazini mwa Bukavu. Baada ya uhuru, katika miaka ya 1960, waganga, kati yao François Delange, Claude Thilly na André-Marie Ermans, walichunguza rovu la Idjwi.

Hawakungoja wagonjwa kwenye hospitali. Hilo ndilo jambo la kwanza la kukumbuka. Mtu mwenye rovu hasikii maumivu, kwa hiyo mara nyingi haendi kwa muganga. Anayehesabu wagonjwa waliofika hospitalini tu, atasema ugonjwa ni mdogo. Wachunguzi walienda kijiji kwa kijiji, wakapapasa shingo za watu wote, wazima na wagonjwa, wakapima mkojo ili kujua iyodi iliyomo mwilini.

Iyodi ni kirutubisho ambacho tezi ya shingo inahitaji kwa kutengeneza homoni. Kiko kwa wingi baharini. Milimani, mbali na bahari, mvua imekiosha udongoni kwa miaka mingi sana, na mazao yanakikosa. Tezi ikikosa iyodi, inavimba ikijaribu kukamata hata kidogo kinachopita. Kwa mama mwenye mimba hatari ni kubwa zaidi: mtoto anaweza kuzaliwa na akili iliyodumaa, au bubu na kiziwi, na hakuna dawa ya kurudisha kilichopotea.

Matokeo yaliwashangaza. Kaskazini, zaidi ya nusu ya watu walikuwa na rovu. Kusini-magharibi, karibu watu 5 tu kwa 100. Lakini vipimo vya mkojo vilionyesha kwamba iyodi ilikosekana pande zote mbili sawasawa. Kama ukosefu wa iyodi peke yake ungekuwa sababu, kusini nao wangevimba vilevile. Lazima kulikuwa na jambo la pili.

Jambo hilo walilikuta kwenye sahani. Mnamo 1971 Delange na Ermans walitangaza kwamba mtu akila muhogo wa kaskazini mwa Idjwi, tezi yake inapokea iyodi kidogo zaidi, na iyodi nyingi inatoka kwa mkojo. Muhogo, hasa ule mchungu, una sumu ya sianidi. Mwili unaigeuza kuwa kitu kingine kisicho kikali, tiosianati, lakini kitu hicho kinaizuia tezi kukamata iyodi. Mwenye iyodi ya kutosha haumii sana. Anayekosa iyodi na kula muhogo usiotayarishwa vizuri anapigwa mara mbili.

Bila kupima upande wenye afya, siri hiyo isingejulikana. Wazima wa kusini ndio walioeleza ugonjwa wa kaskazini.

Katika miaka ya 1970 watu wa maeneo yaliyopigwa sana na rovu, kama Ubangi, walidungwa sindano ya mafuta yenye iyodi, ambayo inalinda kwa miaka kadhaa. Katika miaka ya 1990 nchi, wakati ule Zaïre, ilichagua njia ya chumvi: chumvi ya kuuzwa iwe na iyodi. Ilikuwa njia nzuri, kwa sababu maskini na tajiri wote wanakula chumvi.

Hata hivyo historia haikuishia hapo. Mnamo 1996 gazeti la waganga The Lancet lilitoa habari kutoka Kivu: watu wengine, hasa wenye rovu la zamani, walianza kuugua tezi inayofanya kazi kupita kiasi. Moyo unaenda mbio, mwili unakonda, mikono inatetemeka. Iyodi iliyokosekana kwa miaka ilikuwa imefika kwa ghafula. Chumvi haikukataliwa kwa sababu hiyo, kwani faida yake kwa watoto inazidi mbali. Lakini ilionekana wazi kwamba kugawa dawa bila kuendelea kupima ni kufanya nusu ya kazi.

Vita vinavunja kazi ya namna hiyo. Familia ikikimbia, karatasi za kituo cha afya zinabaki nyuma, na anayekuja kupima kijiji anakuta nyumba tupu. Chakula nacho kinabadilika. Wenye haraka au wasio na maji wanafupisha siku za kulowesha muhogo. Chumvi inanunuliwa kidogokidogo, imeachwa wazi juani, na iyodi yake inapotea hewani.

Yale yaliyojifunzwa Idjwi bado yanafaa kwenye kambi na kwa familia zinazopokea wageni. Muhogo mchungu umenywe, uloweshwe siku tatu, ndipo uanikwe. Sombe itwangwe na ichemshwe vya kutosha. Chumvi ikae kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na jua na maji. Na wapimaji wakifika, mzima naye atoe shingo yake ipapaswe, kwa maana jibu la jirani yake mgonjwa linaweza kuwa kwake.