Vyombo vya Kushonwa vya Nyanza

Watu husema kwamba ujuzi wa kuunda vyombo uliletwa Nyanza na Waarabu. Sisi twaona neno hili ni nusu tu ya kweli. Stanley alipoizunguka Nyanza mwaka 1875 kwa mashua yake Lady Alice, iliyochukuliwa vipande vipande na wapagazi tangu Bagamoyo, aliwakuta Waganda wana vyombo vingi vya mbao zilizoshonwa, kama mtepe wa pwani, bila msumari hata mmoja. Mkuku ulitokeza mbele, na juu yake ikasimama omo ya pili, imepambwa kwa pembe. Lakini tanga havikuwa nalo. Vilikwenda kwa kafi. (Walimu wasiseme kasia: kasia hutiwa kishwara ubavuni, kafi hushikwa mikononi tu.)

Jahazi ndiyo iliyoletwa na wafanya biashara. Moja aliiunda Songoro kisiwani Ukerewe, ikanunuliwa na wamisionari wa C.M.S. Ugomvi ulipozuka kati yake na mfalme Lukonge, Songoro aliwakimbilia wale wamisionari, nao hawakumtoa. Desemba 1877 Shergold Smith na O'Neill waliuawa pamoja naye.