OPERETA ZIWANI: SHOO ILIYOPIGWA JIRANI NA MPAKA ULIOFUNGWA

Wadau, kuna shoo za kula bata tu, halafu kuna shoo ambayo ukijua ilipigwa wapi na lini, mwili unasisimka.

Twende Austria, kijiji cha Mörbisch, pembeni ya Ziwa Neusiedl. Mwaka 1957 mwimbaji mmoja wa sauti nzito kutoka opera ya Vienna alianzisha tamasha la kiangazi: jukwaa ndani ya ziwa, watazamaji ufukweni, paa ni mbingu. Kilichopigwa ni opereta, yaani mchezo wa jukwaani wenye nyimbo, dansi na vichekesho.

Walifungua na Der Zigeunerbaron ya Johann Strauss, iliyotoka Vienna mwaka 1885. Stori yake? Kijana aliyekulia uhamishoni anarudi kwenye ardhi ya baba yake huko Hungaria, anakuta pameharibika na jirani mfuga nguruwe kashajimilikisha.

Sasa sikia. Kutoka jukwaani hadi mpaka wa Hungaria ni kilomita chache tu. Na miezi kama nane nyuma, Novemba 1956, vifaru vya Wasovieti viliingia Budapest kuzima mapinduzi. Watu karibu 200,000 wakakimbia nchi, wengi wao wakaingilia hapo hapo Austria. Yaani jukwaani mkimbizi anarudi kwao kwa nderemo, ng'ambo kuna walinzi wenye bunduki!

Na kupiga opereta nje si lelemama. Hakuna ukuta wala dari ya kurudisha sauti, hivyo bila vipaza sauti violini zinapotelea ziwani. Upepo unapeperusha magauni, mbu wanatoka kwenye matete, na mvua ikishuka kwa nguvu, hakuna pa kujificha. Ndiyo maana mapambo ya jukwaa hujengwa makubwa na imara, yaonekane hata na aliyekaa nyuma kabisa.

Agosti 19, 1989, si mbali na hapo, geti la mpaka lilifunguliwa kwa muda na Wajerumani Mashariki zaidi ya 600 wakapita mbio. Miezi michache baadaye Ukuta wa Berlin nao ukafunguka.

Leo Mörbisch ina viti kama 6,000, na shoo ikiisha fataki zinalipuka juu ya maji. Kijana wa Strauss alirudi kwao kila usiku wa shoo. Mpaka wenyewe ulihitaji zaidi ya miaka 30.

Je, ungekuwa mkimbizi wa 1956 umekaa pale ufukweni, ungecheka au ungelia?